Skripti ya Kuingia Mtandaoni: Lugha Ikae Wapi?



Nimeombwa nizungumzie lugha za skripti, na somo hilo ni pana mno kwa jioni moja. Nimechagua kipande chake kimoja ambacho hakisemwi sana, nacho ni ile skripti inayojiendesha yenyewe mtumishi anapoandika jina lake na nywila ili aingie kwenye mtandao wa ofisi. Wengi hawajui hata kama ipo. Wanachokiona ni kidirisha cheusi kinachopita haraka, kisha diski H inatokea, folda ya idara inatokea, printa ya ukumbini inatokea. Siku kidirisha kile kisipopita, au kikipita na kukwama hapo hapo, ndipo simu ya kitengo cha TEHAMA inapoanza kulia.

Vijana wetu hubishana sana skripti hiyo iandikwe kwa lugha gani. Huyu anasema Perl, yule Python, wa tatu PowerShell. Ubishi ni mzuri, unanoa akili, lakini kwa kazi hii naona unaanzia katikati. Skripti ni maandishi tu. Haifanyi lolote mpaka iwepo programu ya kuyasoma maandishi yale mstari kwa mstari na kuyatekeleza. Programu hiyo leo nitaiita mkalimani. Sasa, skripti ya kuingia huhifadhiwa kwenye seva, ila haiendeshwi huko. Inaendeshwa kwenye kompyuta ya mtumishi, kwa haki alizonazo mtumishi, na kwa muda wake. Kwa hiyo mkalimani lazima apatikane kwenye kila kompyuta, kila siku, kabla kazi haijaanza. Lugha ikiwa nzuri kiasi gani, kama mkalimani wake hayupo au anachelewa, anayeumia ni karani wa masijala aliyekaa mbele ya kioo saa mbili asubuhi huku wananchi wamejipanga dirishani. Huyo ndiye ninayemtetea leo. Kabla ya kuuliza lugha gani, tuulize mkalimani wake atakaa wapi, na nani atabeba uzito wake.

Wengi wa rika langu tulianzia Novell NetWare. Katika NetWare 3 skripti ya mfumo mzima ilikaa kwenye faili liitwalo NET$LOG.DAT ndani ya SYS:PUBLIC, na skripti ya kila mtumiaji ilikuwa kwenye folda yake chini ya SYS:MAIL. Lugha yenyewe ilikuwa ndogo. Amri ya MAP iliunganisha herufi ya diski na folda ya seva. IF MEMBER OF iliuliza kama mtu yumo katika kundi fulani. WRITE iliandika maneno kwenye kioo. Palikuwa na neno GREETING_TIME lililojua kama ni asubuhi, mchana au jioni, na aliyetaka aliweza kuandika IF GREETING_TIME = "MORNING" THEN WRITE "Habari za asubuhi, %LOGIN_NAME", mtumishi akasalimiwa kwa lugha yake kabla hajagusa kazi.

Mkalimani wa lugha hiyo alikuwa ndani ya LOGIN.EXE, na LOGIN.EXE ilisomwa kutoka kwenye seva. Kompyuta ya mtumishi ilihitaji vitu viwili vitatu vya kuiwezesha kuongea na mtandao, basi. Ukitaka toleo jipya la mkalimani, uliliweka kwenye seva mara moja na kesho yake kila mtu analo. Jibu hilo lilikuwa safi sana, na nadhani tuliliacha bila kuangalia kwa makini tulichokuwa tunaacha.

Tulihamia Windows NT, hasa toleo la 4.0 la mwaka 1996. Huko skripti iliwekwa kwenye folda ya pamoja iitwayo NETLOGON katika seva inayotawala domeni, na lugha iliyokuwepo bila kuongeza kitu ilikuwa ile ya mafaili ya bechi, urithi wa DOS. Mkalimani wake yupo kila mahali. Kwa kigezo nilichokitaja, hilo ni jambo kubwa, wala siwadharau wanaoandika bechi mpaka leo. Amri kama net use h: /home ni mstari mmoja na inafanya kazi.

Shida ni kwamba bechi haikujua mambo ambayo skripti ya kuingia inatakiwa kuyajua. Haikuweza kuuliza kama mtu yumo katika kundi la uhasibu. Kwa hilo ilibidi uchukue kiprogramu kiitwacho IFMEMBER kutoka kwenye mkusanyiko wa zana ambao Microsoft iliuuza kando. Tena ofisi zetu hazikuwa na Windows za aina moja. Kompyuta nyingi zilikuja kwa msaada, nyingine zimetumika, kwa hiyo ungekuta NT tatu, Windows 95 kumi na mbili, na Windows 98 kadhaa katika jengo moja. Windows 95 na 98 zilikuwa na mkalimani tofauti, COMMAND.COM badala ya cmd.exe, na hazikuweka jina la mtumiaji kwenye kigeu cha USERNAME kama NT ilivyofanya. Skripti iliyoandikwa kwa kuitegemea %USERNAME% ilifanya kazi kwa bosi na ikashindwa kwa karani. Saa nayo: amri ya net time iliyowekwa kwenye skripti ili kompyuta zote zifuate saa ya seva ilikubali kwenye Windows 98, ikakataa kwenye NT, kwa sababu NT haimruhusu mtumiaji wa kawaida kubadilisha saa ya mashine. Nikisema skripti inaendeshwa kwa haki za mtumishi, maana yake ni mambo kama haya.

Kutokana na dhiki hiyo alitokea Mholanzi mmoja, Ruud van Velsen, mfanyakazi wa Microsoft Uholanzi, akatengeneza KiXtart. Hakudai fedha za matumizi. Aliwaomba wanaoitumia wachangie misaada ya kijamii. KiXtart ilikuwa lugha iliyotungwa kwa ajili ya kuingia mtandaoni. Ukiandika INGROUP("Uhasibu") unapata jibu la ndiyo au hapana. Ukiandika @USERID unapata jina, hata kwenye Windows 95. Mkalimani ni faili moja, KIX32.EXE, unaloliweka NETLOGON kando ya skripti yenyewe. Bechi inabaki na mstari mmoja tu, wa kumwita KIX32. Mashine za Windows 95 na 98 zilihitaji mafaili machache ya ziada, lakini zile za NT hazikuhitaji kuwekewa chochote. Huo ulikuwa mpangilio wa NetWare umerudi kwa mlango mwingine: mkalimani mdogo, seva moja, na kompyuta za watumishi haziguswi.

Basi kwa nini watu walitaka Perl? Kwa sababu za haki kabisa. Larry Wall aliitoa Perl mwaka 1987, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ndiyo iliyokuwa mkononi mwa kila aliyeendesha seva za Unix. Fundi aliyekwisha kuandika mamia ya skripti zake kwa Perl hakuona sababu ya kujifunza lugha nyingine kwa ajili ya dakika moja ya asubuhi. Kampuni ya ActiveState, iliyoanzishwa Canada mwaka 1997, iliitengeneza Perl ya Windows pamoja na moduli za kuongea na mtandao wa Windows: Win32::NetResource ya kuunganisha diski na printa, Win32::NetAdmin ya kuuliza makundi. Kulinganisha maneno, kusoma jedwali la watumishi, kuandika kumbukumbu ya nani ameingia saa ngapi na kwa mashine ipi, yote hayo Perl huyafanya kwa mistari michache. Niliipenda, na naipenda bado.

Ila mkalimani wa Perl ni mzito. Si faili moja, ni perl.exe, DLL yake kubwa, na folda ya maktaba yenye mamia ya mafaili, jumla makumi ya megabaiti. Hapo pana njia tatu za kumfikisha kwa mtumishi, na hakuna hata moja iliyo bure.

Njia ya kwanza ni kumweka kwenye kila kompyuta. Tangu Windows 2000 hilo liliwezekana kwa sera za kikundi: unaiambia domeni kwamba kila mashine ijiwekee kifurushi hiki inapowaka. Kwenye karatasi limekwisha. Kazini, kuna kompyuta iliyokuwa imezimwa wiki ile, kuna ya mkononi ya mkurugenzi iliyo safarini, kuna iliyojaa diski. Baada ya mwaka mmoja una matoleo matatu ya Perl kwenye jengo moja, na skripti inayoita moduli mpya inaanguka kwenye mashine ambazo huzijui. Wala skripti ya kuingia haiwezi kujiokoa kwa kumweka mkalimani wake yenyewe, maana inaendeshwa kwa haki za mtumishi, na mtumishi hana ruhusa ya kuweka programu.

Njia ya tatu, niiruke ya pili kidogo, ni kufunga skripti, mkalimani na moduli zake ndani ya faili moja la exe. Kwa Perl palikuwa na perl2exe na PAR. Kwa Python pako py2exe na PyInstaller. Faili la aina hii ni kama msafiri anayebeba jiko, kuni na maji yake: hamtegemei mwenyeji kwa lolote, lakini tazama ukubwa wa mzigo. Skripti ya mistari thelathini inakuwa megabaiti kadhaa. Mengi ya mafaili hayo hujifungua kwanza kwenye folda ya muda ya mtumishi kabla ya kuanza kazi, na programu za kuzuia virusi hazipendi kuona faili linajimwaga hivyo. Mara nyingi hulizuia. Tena fundi akihama na akaacha exe bila maandishi ya asili, mrithi wake anarithi sanduku lililofungwa.

Njia ya pili ndiyo iliyowavutia wengi, na ndiyo ninayotaka tukae nayo. Perl hutafuta maktaba yake kwa kuangalia perl.exe yenyewe iko wapi. Kwa hiyo unaweza kuinakili folda nzima kwenye seva, kisha ukaandika kwenye bechi: \\seva1\zana\perl\bin\perl.exe \\seva1\zana\ingia.pl. Hakuna kilichowekwa kwenye kompyuta ya mtumishi. Kwenye jengo moja lenye swichi nzuri, hili hufanya kazi vizuri na nimelishuhudia likienda miaka bila malalamiko. Mwangalizi mzuri ataona mambo mawili tu. Windows haisomi programu yote kwa mara moja. Huvuta kurasa zake kadiri zinavyohitajika, kwa hiyo kebo ikitikisika katikati, programu inakufa ghafla kwa sababu ukurasa uliotakiwa haukupatikana. Na huwezi kubadilisha perl.exe mchana, maana watu wanaitumia na seva itakukatalia. Dawa ni kuweka kila toleo kwenye folda yake na kubadilisha njia ndani ya bechi.

Mambo hubadilika kwenye tawi la mbali. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kutufikia mwaka 2009, na kabla ya Mkongo wa Taifa kusambazwa mikoani, ofisi nyingi za wilaya zilifungwa mtandao kwa dishi la setilaiti. Setilaiti hizo ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka: safari nne, zaidi ya kilomita 143,000, na mwanga wenyewe huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kabla hujahesabu ucheleweshaji wa vifaa, umeshapoteza karibu nusu sekunde kwa kila swali na jibu lake. Tuiite sekunde 0.6. Sasa tuseme skripti ya Perl inagusa mafaili 20, na kila faili linahitaji maswali 10 tangu kutafutwa, kufunguliwa, kusomwa hadi kufungwa. Hayo ni maswali 200. Zidisha kwa 0.6, unapata sekunde 120. Dakika mbili za kusubiri tu, na bado hatujavusha mzigo wenyewe: kwenye laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, megabaiti moja peke yake huchukua zaidi ya dakika mbili nyingine. Na hiyo ni kompyuta moja. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta zote za tawi huwaka pamoja, na zote huita Perl pamoja kupitia dishi lile lile.

Fundi wa makao makuu haoni haya. Mezani kwake skripti inamalizika kabla hajavuta kiti. Naomba kila anayetunga skripti ya kuingia aende akakae kwenye tawi lake la mbali kabisa siku ya Jumatatu, awashe kompyuta ya kawaida kwa akaunti ya kawaida, na asubiri pamoja na wenzake. Huko atajifunza jambo ambalo kitabu hakitamwambia.

Dawa iliyonishawishi kuliko zote ilitoka upande wa Samba, programu huria aliyoianzisha Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, inayoiwezesha seva ya Linux au Unix kuongea na Windows kana kwamba ni seva ya Windows. Ndani ya faili lake la mipangilio, smb.conf, unaweza kuandika logon script = %U.bat, maana yake kila mtumiaji ana bechi yenye jina lake. Kisha, kwenye sehemu ya netlogon, unaweka root preexec, yaani amri itakayoendeshwa kwenye seva kila mtu anapoifungua folda ile. Amri hiyo inaweza kuwa skripti ya Perl. Samba inaipa jina la mtumiaji kwa %U, jina la kompyuta kwa %m, na hata aina ya Windows kwa %a. Perl inaangalia makundi ya mtu huyo, inaangalia yuko tawi gani, inafikiri yote ya kufikiriwa, halafu inaandika faili dogo. Asha wa uhasibu akiingia, kompyuta yake inapokea hiki tu:

@echo off
net use h: \\seva1\asha
net use p: \\seva1\uhasibu

Akili yote imebaki kwenye seva, ambako mkalimani ni mmoja, toleo ni moja, na kuna kumbukumbu iwapo jambo limeharibika. Faili linalovuka kwenye dishi halifiki baiti mia moja. Kompyuta ya Windows 98 na ya Windows XP kila moja inapewa bechi inayoielewa, kwa sababu seva inajua inaongea na nani. Lugha uipendayo unaitumia kwa uhuru wako wote, na karani hailipii.

Mpango huu una masharti yake. Faili lazima liandikwe kwa mwisho wa mistari wa DOS, yaani herufi mbili za kurudi na kushuka, si moja kama Unix; ukisahau, Windows itausoma mstari vibaya au itashindwa kuruka kwenda kwenye lebo, na utatafuta kosa siku nzima kwenye maandishi yanayoonekana sahihi. Jina linaloletwa na %U limetoka kwa mteja, na amri ya root preexec inaendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa ya seva, kwa hiyo jina lile lichujwe kabla ya kutumiwa popote. Na yapo mambo ambayo seva haiwezi kuyajua: diski ya mtumishi imebakiwa na nafasi kiasi gani, programu fulani imewekwa au la. Kwa hayo bado unahitaji mkalimani upande wa mtumishi. Lakini ukiorodhesha skripti yako ya kuingia inafanya nini hasa, utaona mengi ya maamuzi yake yanategemea mtu ni nani na yuko wapi, na hayo seva inayajua tayari.

Microsoft nao waliona tatizo la mkalimani na wakalijibu kwa njia yao: wamweke ndani ya Windows. Windows Script Host, pamoja na lugha za VBScript na JScript, ilikuja na Windows 98 na baadaye Windows 2000. Kwa wenye Windows 95 na NT 4.0 ilibidi iwekwe, lakini mwelekeo ulikuwa wazi. Kwa miaka miwili hivi ilionekana mjadala umekwisha.

Halafu ikaja tarehe 4 Mei 2000. Barua pepe yenye kiambatisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs ilitokea Ufilipino na kuzunguka dunia kwa saa chache. Ilikuwa skripti ya VBScript, na ilifanya kazi kwa sababu mkalimani wake alikuwa amekaa tayari kwenye kompyuta nyingi, akisubiri yeyote amwite. Ofisi nyingi zilijibu kwa kuizima Windows Script Host kwa kubadilisha thamani moja kwenye rejista, na pamoja nayo zikazima skripti zao wenyewe za kuingia. Tukio hili lina uzito mkubwa kuliko linaopewa. Kumweka mkalimani mwenye nguvu kwenye kila kompyuta si jambo la urahisi tu. Anamtumikia fundi, na anamtumikia mwizi vilevile.

Na folda ya NETLOGON yenyewe ni mahali pa kulindwa. Anayeweza kuandika humo ameshika kila kompyuta ya ofisi, maana kesho asubuhi zote zitaendesha alichoandika. Februari 2015 Microsoft walitoa sasisho la MS15-011 baada ya kubainika kwamba mtu aliyekaa katikati ya mtandao aliweza kujifanya seva na kuipa kompyuta faili lake badala ya login.bat halali; kompyuta haikuwa na desturi ya kuhakikisha inaongea na nani. Dawa ilikuwa kuilazimisha ithibitishe seva na ukamilifu wa mafaili kwa njia za NETLOGON na SYSVOL (folda ya pamoja inayohifadhi mafaili ya sera), na fundi lazima aiwashe kwa sera. Kuweka sasisho peke yake hakutoshi. Windows Server 2003 haikupata dawa hiyo kabisa.

Mwaka uliotangulia, Mei 2014, lilitoka sasisho la MS14-025. Hili linawahusu waliofuata ushauri wa kuachana na skripti na kutumia mapendeleo ya sera za kikundi, ambayo tangu Windows Server 2008 yanaunganisha diski na printa bila kuandika hata mstari mmoja. Ni njia nzuri, naiunga mkono. Lakini mapendeleo hayo yaliruhusu pia kuweka nywila, na nywila zile zilihifadhiwa ndani ya mafaili ya XML kwenye SYSVOL, ambako kila mtumiaji wa domeni anaweza kusoma. Zilifungwa kwa ufunguo ambao Microsoft wenyewe walikuwa wameuchapisha kwenye nyaraka zao. Sasisho lilizuia kuweka nywila mpya; za zamani halikuzifuta. Kwa hiyo nawaomba, mkirudi ofisini tafuteni neno cpassword, linalotangulia nywila hizo, ndani ya SYSVOL. Wakati mko huko, tafuteni pia nywila zilizoandikwa waziwazi kwenye bechi na skripti za zamani, maana na hizo zinasomwa na kila mtu.

PowerShell nitaipitia kwa haraka kwa kuwa wengi mnaitumia. Ilitoka Novemba 2006, na kuanzia Windows 7 na Server 2008 R2 mwaka 2009 ilikuja ndani ya mfumo na sera za kikundi zikaikubali kama lugha ya skripti za kuingia. Ni lugha yenye uwezo mkubwa. Mkalimani wake hupanda juu ya .NET, kwa hiyo kwenye mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka anachelewa kuamka, na kuchelewa huko hurudiwa kila asubuhi kwa kila mtu. Matoleo nayo yanapishana: Windows 7 ilikuja na 2.0, Windows 8 na 3.0, Windows 8.1 na 4.0, na ofisi yenye zote tatu imerudi kwenye shida ile ile ya Windows 95 na NT. Windows 8.1 ilileta pia jambo lililowasumbua wengi: skripti za kuingia zinazopangwa kwa sera zilicheleweshwa dakika tano kwa makusudi, ili kioo cha mtumiaji kitokee haraka. Watu waliingia, hawakuona diski H, wakazima na kuwasha, na dakika tano zikaanza kuhesabiwa upya. Ipo sera ya kuondoa ucheleweshaji huo. Aliyeijua alitatua kwa mstari mmoja, asiyeijua alibadilisha kebo.

Sasa VBScript yenyewe inaondoka. Oktoba 2023 Microsoft walitangaza kwamba haitaendelezwa tena. Katika Windows 11 toleo la 24H2 imefanywa kuwa sehemu ya hiari, ingawa bado imewashwa. Mpango wao ni kuizima mwaka 2027 au karibu na hapo, na baadaye kuiondoa kabisa. Mkalimani aliyekuwa kwenye kila kompyuta kwa zaidi ya miaka 20 hatakuwepo, na skripti zinazomtegemea zitanyamaza asubuhi moja.

Fungueni NETLOGON zenu mhesabu mafaili ya .vbs. Yanayounganisha diski na printa yahamishieni kwenye mapendeleo ya sera. Yanayoamua nani apate nini, jaribuni kwanza kama uamuzi huo unaweza kufanywa kwenye seva, kabla ya kuyaandika upya kwa PowerShell. Mengine hamtajua yanafanya nini. Yaliandikwa na fundi aliyehamia wizara nyingine au aliyestaafu, na maelezo yake hayapo popote isipokuwa kichwani mwake. Mtafuteni mwaka huu, mkae naye, msome naye mstari kwa mstari.